Swali la kutofautiana na mwenzako kazini liliniangusha mara mbili, mara ya tatu nikalijibu

Nimepata kazi. Barua ya ajira iko kabatini chini ya vitenge, na kila nikiiona nakumbuka kwamba kabla yake nilikosa nafasi mbili kwa swali moja tu, na mara zote mbili nililijibu kama nilivyoshauriwa. Naandika kwa sababu najua usiku huu kuna mtu yuko chumbani kwake Ipagala au Chang'ombe, hapa Dodoma, anakariri majibu yale yale.

Swali lenyewe ni hili: "Tueleze wakati ulipotofautiana na mfanyakazi mwenzako. Ulifanyaje?" Wawe watatu mezani au watano, waulize kwa Kiingereza au Kiswahili, linakuja. Kwa sisi watu wa stoo ndiyo kabisa, maana mtunza stoo anakaa katikati ya anayeleta mzigo, anayeuchukua na anayeulipia, na wote watatu wana hesabu zao.

Mara ya kwanza ilikuwa usaili wa ajira za umma. Wa Dodoma mnajua mji unavyokuwa wiki hizo. Vijana wanashuka stendi ya Nanenane na kwenye treni ya SGR wakiwa na bahasha za kaki, wanalala kwa ndugu sebuleni, alfajiri bajaji zote zinaelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kwenye usaili. Mimi nakaa Nkuhungu, kwa hiyo usumbufu huo haukunihusu. Usaili wa mchujo nilifaulu. Yakabaki mahojiano.

Jioni yake nikaenda kwa mjomba. Mjomba ni mstaafu wa serikali, na ukoo mzima ukikwama unaenda kwake. Akaniambia, "Sikiliza mama, wakikuuliza mambo ya ugomvi, kataa. Sema hujawahi kugombana na mtu. Nani ataajiri mgomvi?" Niliona kanipa ufunguo.

Kesho yake swali likaja, na mimi nikajibu kwa uso mkunjufu kwamba namshukuru Mungu, sijawahi kugombana na mtu kazini. Kulia kwangu alikaa mama mmoja wa makamo ambaye tangu niingie hakuwa ameuliza chochote. Akainua macho.

"Umefanya stoo miaka mitatu."

"Ndiyo, mama."

"Miaka mitatu unapokea mzigo na kutoa mzigo, na hujawahi kupishana na mtu hata siku moja?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Akaandika kitu kifupi sana, neno moja au mawili, akafunga kalamu. Nilipotoka nilijua. Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya waliopangiwa kazi.

Ilinichukua muda kuelewa kosa la mjomba, na nataka nilieleze vizuri kwa sababu naamini ni kosa la wengi. Kiswahili chetu kina ngazi kwenye jambo hili. Kuna kutofautiana, kuna kupishana kauli, kuna kukosana, kuna kugombana. Kutofautiana ni mimi kusema mzigo ni 200 na wewe kusema ni 198. Kugombana ni pale tumeshikana mashati. Jopo linauliza ngazi ya chini kabisa, ambayo haimkosi mtu anayefanya kazi, sisi tunasikia ya juu kabisa na kuanza kujitetea. Ukisema hujawahi kutofautiana na yeyote, wanaelewa mambo mawili tu: unadanganya, au ulikuwepo kazini lakini hukuwa unafuatilia kinachoendelea.

Mara ya pili nilijiona nimejiandaa. Kuna kaka mmoja pale mjini anafundisha watu usaili kwa ada. Nilimlipa kama elfu ishirini na tano hivi kwa siku tatu, ukiacha nauli. Nisimnyime haki yake, mfumo aliotufundisha ni mzuri na hadi leo nautumia: eleza hali ilivyokuwa, jukumu lako lilikuwa nini, hatua ulizochukua wewe mwenyewe, halafu matokeo. Mfumo huo unatumika sehemu nyingi duniani. Kinachonichoma ni kilichofuata. Badala ya kutuuliza sisi wenyewe tumepitia nini, alitupa jibu lililopikwa tayari tukalikariri: "Kulikuwa na mwenzangu aliyekuwa anachelewa kazini, jambo lililoathiri timu. Nilimwita pembeni, nikazungumza naye kwa upole, nikamwelewesha umuhimu wa muda. Akabadilika, na uhusiano wetu ukaimarika." Nililikariri njia nzima kwenye daladala. Nililisema hadi usingizini.

Usaili ulikuwa kwenye shirika moja, ofisi zao ziko Area D. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwarobaini, na kati ya tuliokuwa pale wawili nilisoma nao kwa yule kaka. Waliingia kabla yangu. Sikufikiria lolote.

Zamu yangu ikafika, swali likaja, nikaanza. Nilipofika kwenye "mwenzangu aliyekuwa anachelewa", mzee aliyekaa katikati akamgeukia jirani yake akasema taratibu, lakini nilisikia: "Na huyu naye."

Nilihisi jasho likinishuka mgongoni. Nikaendelea, maana jibu la kukariri ukilisimamisha katikati hujui pa kulishikia. Nikafika mwisho, uhusiano wetu ukaimarika. Yule mzee hakunikaripia. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Alikuwa anachelewa kwa nini?"

Nikanyamaza.

"Ulimwita pembeni mkazungumza. Alikwambia anachelewa kwa nini? Alikuwa anatoka mbali? Ana mtoto mchanga? Anauguza?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu mtu huyo hakuwahi kuwepo. Nikasema alikuwa na matatizo ya usafiri. "Anatoka wapi?" Nikasema Veyula. "Na kazini kwenu ni Kibaigwa?" Ndivyo nilivyoandika kwenye wasifu wangu. Ukitoka Veyula kwenda Kibaigwa kila siku, ni kuvuka mji wote wa Dodoma halafu kuingia barabara ya Morogoro kwa zaidi ya saa nzima. Mzee akatikisa kichwa, akanishukuru, akaniita dada, akaniombea kila la heri. Heri angenifokea. Nilitoka pale nikatembea hadi Nyerere Square kwa miguu, nikakaa kwenye benchi hadi adhuhuri.

Sasa kilichonisaidia.

Binamu yangu anayesoma UDOM alinionyesha kwenye somo lao la utawala kitu ambacho sikuwa nimekisikia. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, walitoa dodoso la kupima namna mtu anavyokabili mvutano. Wanapima vitu viwili: unasimamia haja yako kwa kiasi gani, na unaijali haja ya mwenzako kwa kiasi gani. Zinatoka njia tano: kushindana, kukwepa, kukubali yaishe, kukutana nusu kwa nusu, na kushirikiana kutafuta jawabu linalowatosha wote. Hawasemi njia moja ni nzuri siku zote. Kukwepa nako kuna siku yake. Niliposoma nikaona jibu la mjomba lilikuwa kukwepa. Jibu la yule kaka lilijiita kushirikiana, lakini ndani yake mwenzangu hakusema neno hata moja. Mimi naongea, yeye anabadilika. Huko ni kushindana kwa sauti ya upole, na yule mzee wa Area D alilinusa kwa swali moja.

Kumbe kisa cha kweli nilikuwa nacho, na kizuri. Nilikificha kwa sababu kilinitia aibu.

Nilikuwa stoo kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Kibaigwa. Mavuno yakianza, Mei na Juni, magunia yanaingia mfululizo. Tunapima, naandika kwenye leja, vibarua wanapanga. Gunia likiingia na kilo 65, naandika 65. Siku likitoka kwenda mashineni naandika 65 ile ile. Hakuna aliyelirudisha kwenye mizani. Basi kufika Agosti, fundi wa mashine akaanza kulalamika kwamba magunia mepesi, stoo inachota. Mimi nikasema panya. Siku moja mbele ya vibarua wote akaniita mwizi, na mimi nikamjibu kwamba kama lita hazitoshi basi yeye ndiye anayeuza mafuta usiku. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Tukakaa wiki nzima hatusalimiani, yeye akituma kibarua kuchukua mzigo badala ya kuja mwenyewe.

Kilichotutoa ni magunia kumi. Nilichukua rangi nyekundu nikaweka alama kwenye magunia kumi mapya, nikayapanga mlangoni anapopita kila mtu, nikamwambia, "Fundi, haya hayatoki. Kila Ijumaa tunayapima mimi na wewe." Ijumaa ya kwanza alikuja kwa shingo upande. Ya pili alikuja mapema. Ijumaa ya tano magunia yote kumi yalikuwa yamepungua, hata lile ambalo mshono wake haukuguswa, na panya hakuwa ametoboa kitu. Alizeti ikitoka shambani bado ina maji, na upepo mkavu wa huku kwetu unayanyonya. Mbegu zikishuka kutoka unyevu wa asilimia 12 hadi 9, gunia la kilo 65 linabaki na kama kilo 63. Kwenye magunia 200 hizo ni zaidi ya kilo 400 zilizopaa hewani, na sisi wawili tunaitana wezi. Tulikwenda pamoja kwa tajiri na karatasi ya vipimo. Kuanzia hapo gunia likawa linapimwa mara mbili, kuingia na kutoka, na sote wawili tunasaini.

Hicho ndicho kisa. Lakini kuwa nacho ni jambo moja, kukisema vizuri ni jambo jingine. Mara ya kwanza nilikifanyia mazoezi kwa mama mwenye nyumba wangu. Ni Mgogo wa hapa hapa, mtu mzima. Ukimwamkia "mbukwa" asubuhi siku yake inakuwa nzuri. Alikuwa uani anapepeta uwele. Nikamwambia, mama naomba unisikilize kama vile wewe ndiye bosi. Nikaanza na lile tusi. Nikaeleza fundi alivyoniita, nani walikuwepo, nilivyolia, alivyotuma kibarua. Ungo ukawa unapanda na kushuka, makapi yanaruka. Mwisho akausimamisha.

"Mwanangu, mbona unashtaki? Mimi siyo balozi wa nyumba kumi."

Nikakaa kimya.

"Na huyo kijana, naye akija hapa kunieleza, atasema hivyo hivyo ulivyosema?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu nilikuwa sijui. Tulikuwa tumemaliza jambo kwa mizani, hatukuwahi kulizungumza. Mkataba wangu uliisha na msimu, nikaondoka, ikapita miezi minane. Asubuhi nikaweka kifurushi cha dakika cha elfu moja na kitu, nikampigia.

"Dada Stoo! Leo umenikumbuka?"

Nikamweleza wazi. Nina usaili, nataka kusimulia ule mgogoro wetu, na sitaki kukusema vibaya. Wewe unaukumbukaje? Akacheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukijua. Asubuhi ile aliyoniita mwizi alikuwa ametoka kuitwa ofisini. Tajiri alikuwa amegawanya lita kwa kilo zilizoandikwa kwenye leja yangu, akakuta mafuta ni pungufu, akamwambia fedha itakatwa kwenye mshahara wake. "Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile," akasema. "Nilikuja kwako nimechanganyikiwa. Ile kukuita vile mbele za watu, dada yangu, nisamehe." Na mimi nikamwomba msamaha kwa yale ya kuuza mafuta usiku. Tuliongea hadi dakika zikaisha.

Huu ndio ujanja wangu, na ninajivunia. Mpigie uliyetofautiana naye. Kama haiwezekani, kaa chini uandike upande wake kwa mkono wako, kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ni yeye anayesailiwa. Kabla ya simu ile nilikuwa na adui kwenye kisa changu. Baada ya simu nikawa na mwenzangu aliyebanwa na hesabu zilizotoka kwenye leja yangu mwenyewe, na kisa kikafupika chenyewe, kwa sababu matusi hayakuwa na kazi tena. Nilipokirudia kwa mama mwenye nyumba, saa ya simu ilisoma chini ya dakika mbili na nusu. Alisema tu, "Hapo sawa," akaendelea na uwele wake.

Usaili wa tatu ulikuwa kampuni ya vifaa vya ujenzi, godauni lao liko Kizota. Watu watatu: meneja, mhasibu na afisa utumishi. Swali lilikuja la nne au la tano. Niliomba nijibu kwa Kiswahili, wakakubali, na nashauri uombe kama kisa chako kiliishi kwa Kiswahili. Nilisema karibu hivi:

"Nilitofautiana na fundi wa mashine kuhusu uzito wa alizeti. Yeye aliona magunia ni mepesi kuliko leja, na alikuwa sahihi. Mimi niliamini leja yangu, na niliyoandika yalikuwa kweli siku ya kupokea. Yeye alikuwa anadaiwa mafuta kwa kilo zangu, kwa hiyo kwake halikuwa jambo dogo. Tulianza vibaya, tukajibizana mbele ya vibarua. Halafu nikaweka alama magunia kumi tukayapima pamoja wiki tano. Tukagundua ni ukavu. Tukapendekeza gunia lipimwe pia likitoka na wote wawili tusaini. Likakubaliwa, na malalamiko ya uzito yakaisha."

Mhasibu akaacha kuandika. Akauliza upungufu ule niliuingiza vipi kwenye leja. Nikamwambia, kwenye mstari wake peke yake, umeandikwa kupungua kwa ukavu, na saini mbili. Meneja akauliza, "Ungerudi nyuma, ungefanya nini tofauti?" Nikasema ningemwita kando siku ile ile badala ya kumjibu mbele za watu, na ningepima Julai, nisisubiri Agosti. Afisa utumishi akauliza, na kama fundi angekataa kuja kupima? Nikasema ningemwomba msimamizi wetu atupe shahidi wa kupima, nikieleza tatizo la uzito bila kumtaja yeye kama mkosaji. Maswali haya ya nyongeza ndiyo usaili wenyewe. Jibu la kukariri linafia hapo. La kweli linapata nguvu hapo, kwa sababu hubuni, unakumbuka.

Mengine niliyoyaokota njiani. Usilete kisa cha deni la kikoba, mapenzi, dini, kabila wala siasa, hata kama ndicho kilichokuuma zaidi. Chukua kilichohusu kazi yenyewe. Usimtaje mwenzako jina, cheo kinatosha, maana Dodoma ni kubwa kwenye ramani tu. Rafiki yangu mmoja alisimulia alivyompeleka mwajiri wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni haki yake kisheria kabisa, lakini huo ni mgogoro wa mwajiri na mwajiriwa, na yeye aliulizwa kuhusu mfanyakazi mwenzake. Sikiliza neno lililotumika kwenye swali. Na kama ulikosea, sema, mara moja, kwa sentensi moja, halafu songa mbele. Mjomba hakubaliani na hili hadi leo, tumelizungumza mara mbili na kila mtu amebaki na lake, na Jumapili bado napeleka mboga kwake.

Walinipigia baada ya siku tisa. Nilimwambia kwanza mama mwenye nyumba, halafu nikampigia Fundi, akashangilia hadi mtoto akaamka.

Siku ya pili kazini niliomba daftari jipya. Nikachora safu ya kuingia, safu ya kutoka, na mbele yake nafasi mbili za saini. Dereva wa kwanza aliyekuja kuchukua saruji akauliza hii ya pili ni ya nani. Nikamwambia ni yako, kaka, hesabu mifuko kwanza. Akahesabu yote, akachukua kalamu.